Nyuki wa Nyanda za Kati Wanavyotambuliwa

Wafugaji wa Dodoma na Singida hugawa nyuki mafungu mawili: wakubwa, wanaouma, na wadogo, wasiouma. Kisayansi mgawanyo huo hauna kasoro. Nyuki wadogo wana mishipa michache ya mabawa, mwiba wao umefifia hata hauna kazi, na asali huihifadhi katika vijungu vya nta na utomvu badala ya masega. Hapo hadubini haihitajiki. Kuchungulia ndani ya gogo kunatosha.

Nyuki wakubwa ndio wenye utata. Wote ni spishi moja, Apis mellifera, ileile inayofugwa Ulaya. Asia ina spishi kadhaa za nyuki wa asali, lakini Afrika bara ilikuwa na hiyo moja tu, mpaka nyuki kibete wa Asia, Apis florea, alipoonekana Khartoum mwaka 1985. Kwa hiyo kinachotafutwa Tanzania ni nususpishi. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza mbili: litorea wa pwani, mdogo mwenye umanjano, na monticola wa milimani, mkubwa, mweusi, mwenye manyoya marefu. Nyanda za kati ni makao ya scutellata.

Rangi peke yake hudanganya. Malkia hupandwa na madume wengi, hivyo mzinga mmoja huweza kuwa na vibarua wa manjano na weusi. Ndiyo maana huchukuliwa vibarua kadhaa wa kundi moja, wakahifadhiwa kwenye spiriti, kisha bawa la mbele la kila mmoja likabandikwa kwenye kioo na kupigwa picha. Kwenye kompyuta, picha huwekewa alama 19 mahali mishipa inapokutana. Umbali na pembe kati ya alama hizo hulinganishwa na vipimo vya nyuki wanaojulikana. Bawa la scutellata kwa kawaida halifiki milimita 9, la nyuki wa Ulaya huzidi hapo. Hata ukubwa nao una hila zake: vyumba vya sega kuukuu hupungua upana kwa maganda ya mabuu, na nyuki anayelelewa humo hutoka mdogo.

Vinasaba havitegemei sega. Mguu mmoja husagwa, kipande cha vinasaba vya mitokondria hurudufishwa, hukatwa kwa kimeng'enya na kusomwa kwa urefu wa vipande vyake. Kipimo hicho hutenga haraka ukoo wa Afrika na koo za Ulaya. Lakini mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo damu ya madume haionekani. Tena scutellata, litorea na monticola wote ni wa ukoo wa Afrika, na kipimo hiki hakiwatengi vizuri.

Jibu limo katika kromosomu za kiini cha seli, ambazo nyuki jike anazo 32, nusu kutoka kwa kila mzazi. Uchunguzi wa jenomu nzima za nyuki wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta wa milimani na wa nyika wanafanana karibu kila mahali, isipokuwa sehemu mbili kubwa, katika kromosomu ya 7 na ya 9. Tofauti kubwa ya umbo na tabia, iliyowapa majina mawili, huenda imebanwa humo.