Kiharusi: Kurithi si kuandikiwa

KIHARUSI kinapojirudia katika ukoo mmoja, iwe Mwera wilayani Pangani au jijini Dar es Salaam, wapo wanaosema ugonjwa huo umo damuni mwao. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika.

Mafuta husafiri katika damu yakiwa yamefungamana na protini. Aina mojawapo, iitwayo lipoprotini(a), ikizidi huchangia kuziba mishipa ya moyo na ubongo. Kiwango chake hutegemea zaidi kinasaba cha LPA, ambacho mtoto hurithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika huwa na kiwango kikubwa kuliko Wazungu.

Hata hivyo, utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet, uliwalinganisha wanakijiji wala samaki wa kando ya Ziwa Nyasa na wenzao wa milimani waliokula zaidi nafaka na mboga. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu na lipoprotini(a) vya chini zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulizingatia pia umbo la protini hiyo lililorithiwa. Tofauti ilibaki, na watafiti wakahitimisha kuwa imetokana na samaki.

Hivyo, ambaye mzazi wake alipata kiharusi mapema hana sababu ya kukata tamaa. Apime shinikizo la damu na mafuta, aache sigara, na kitoweo cha samaki kisikosekane mezani.