Sauti Iliyopunguzwa Nayo Ina Mwenyewe

Mwaka 1977 mwimbaji wa rege wa Jamaika, Horace Andy, alitoa albamu ya In the Light kupitia Hungry Town, lebo ndogo ya mtayarishaji Everton DaSilva. Ikafuatana na In the Light Dub: nyimbo zilezile, safari hii fundi wa sauti Prince Jammy akiwa amezipunguza hadi zikabaki ngoma, besi na vipande vya sauti vinavyokuja na kupotea, mtindo uitwao dabu. Nakala za hiyo ya pili ziliadimika, wakusanyaji wakawa wanazisaka kwa miaka mingi. Mwaka 1995 kampuni ya Blood and Fire ya Manchester ikaziweka zote mbili kwenye CD moja.

Walifanya vyema kutozitenganisha. Anayeisikia dabu bila kuujua wimbo wenyewe hupata mdundo mtamu, lakini hajui kilichoondolewa. Andy ana sauti nyembamba, ya juu, inayotetemeka. Jammy anapoikata katikati ya neno na kuiachia mwangwi, anayeufahamu wimbo huumalizia mwenyewe kichwani. Kazi ya fundi imesimama juu ya kumbukumbu hiyo.

Jammy alijifunza kwa Osbourne Ruddock, yaani King Tubby, fundi wa umeme aliyegeuza nyumba yake ya Waterhouse, Kingston, kuwa studio. Hapo kanda ilikuwa na njia nne tu. Wakati inazunguka, fundi aliinyamazisha njia hii, akaifungua ile, akakirusha kipande cha gitaa kwenye mwangwi, akaiacha besi itembee peke yake. Mikono yake ilikuwa ikipiga muziki, na upigaji ule haukuweza kurudiwa vilevile hata kesho yake. Ndiyo maana siridhiki na matoleo yanayochanganywa upya leo kwa kompyuta kisha yakauzwa kama ya zamani. Kanda nyingi za Jamaika zilifutwa na kurekodiwa kazi nyingine juu yake, kwa kuwa kanda mpya ilikuwa ghali. Pale iliposalia santuri iliyochakaa peke yake, na inakiliwe kwa uangalifu pamoja na mikwaruzo yake. Ukiisafisha kupita kiasi, unaondoa pia mlio wa matoazi na mkia wa mwangwi, na huo mkia ndio dabu yenyewe.

Linalobaki ni malipo, na hapo pana uzito zaidi kuliko kwenye mikwaruzo. Katika miaka ya 1970 mwimbaji wa Kingston aghalabu alilipwa mara moja, basi. Kanda ikawa mali ya mtayarishaji. Jamaika ilikuwa bado inategemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, na haikuwa na sheria yake yenyewe inayofanya kazi hadi mwaka 1993. Kwenye dabu ni rahisi zaidi kumsahau mwimbaji, maana sauti yake husikika kwa sekunde chache tu. Mimi nasema alipwe sawa na kwenye wimbo mzima. Besi ile ilipangwa kuufuata wimbo wake, na kila pengo aliloliacha fundi limekatwa kwa kipimo cha sauti yake.

Kutomsahau mwimbaji kunawezekana. Mwaka 2022, akiwa na miaka 71, Andy alitoa Midnight Rocker na mtayarishaji Adrian Sherwood, na mwaka huohuo ikafuata Midnight Scorchers, iliyozipitisha baadhi ya nyimbo hizo kwenye dabu. Jina la Horace Andy limo kwenye majalada yote mawili.