Kufifia kwa Mawimbi na Uwezo wa Antena Nyingi

Wimbi la redio likirushwa mjini halimfikii mpokeaji kwa njia moja. Sehemu yake huja moja kwa moja, nyingine hugonga kuta, mabati na magari, kisha zote hukutana kwenye antena. Zikipatana huongezeana nguvu, zikipingana huuana. Na mpokeaji akisogea kidogo tu, hali yote hubadilika. Huku ndiko kuitwako kufifia. Neno hilo lisimpotoshe msomaji: wimbi halififii kama taa iishiwayo mafuta, bali hupanda na kushuka bila kutulia.

Claude Shannon, wa maabara ya Bell huko Marekani, alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya habari ina kikomo kisichoweza kupitwa bila makosa. Ishara ikiwa na nguvu mara 1,000 ya kelele, njia iliyotulia huchukua karibu biti 10 kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wake. Nguvu ikiongezwa mara mbili, hupatikana biti 1 tu zaidi. Faida ndogo kwa gharama kubwa.

Lakini njia ififiayo haina kikomo kimoja. Kikomo chenyewe ni cha bahati, na hakielezeki ila kwa takwimu. Pasipo wimbi la moja kwa moja, nguvu hufuata kanuni iliyopewa jina la Rayleigh: mara 1 katika 100 hushuka chini ya sehemu moja ya mia ya wastani wake, na hapo zile biti 10 hubaki 3 na nusu. Basi mhandisi hana budi kuuliza ni kiasi gani awezacho kuahidi mara 99 katika 100. Jibu ni hizo biti 3 na nusu. Aahidiye 10 atashindwa mara 63 katika 100.

Antena ya pili ya kupokea, ikitengwa hata kufifia kwake kusifungamane na kwa ile ya kwanza, huipunguza hatari sana: zote mbili kushuka kiasi hicho pamoja ni mara 1 katika 10,000.

Ajabu kubwa zaidi ilidhihirika katika miaka ya 1990, pale Emre Telatar na Gerard Foschini, wa maabara hiyo hiyo, walipokadiria uwezo wa antena nyingi za pande zote mbili. Kila antena hutuma ujumbe wake, kwa wakati mmoja na masafa yale yale. Kila ipokeayo husikia mchanganyiko wa namna yake. Ni kama milinganyo ya hesabu: mafumbo manne hufumbuliwa kwa milinganyo minne, mradi isirudie jambo lile lile. Mtawanyiko wa mawimbi, uliohesabiwa adui miaka mingi, ndio uitofautishao. Uwezo hukua takriban sawasawa na idadi ya antena za upande wenye chache, bila kuongeza jumla ya nguvu wala upana wa masafa. Mwaka 1998 jaribio ndani ya jengo, kwa antena 8 za kutuma na 12 za kupokea, lilifikia biti 20 hadi 40 kwa sekunde kwa hezi.

Mahali peupe, pasipo cha kutawanya mawimbi, milinganyo hurudiana na faida hiyo hutoweka. Hutoweka pia mawimbi yote yapaswapo kupenya tundu moja jembamba, hata kama yametawanyika huku na huku.