Helikopta ya mfano: tujifunze mwinamo wa mapanga



Vijana wa sharika zetu hutuuliza swali ambalo wazee huliona la mchezo: je, mtu wa Nyakahanga anaweza kujifunza kurusha helikopta? Tunajibu kwamba anaweza kuanza, na mahali pa kuanzia ni helikopta ndogo ya mfano inayoongozwa kwa rimoti.

Jambo hili lina manufaa. Mwaka 2018, kampuni za DHL na Wingcopter za Ujerumani, pamoja na shirika la GIZ, zilijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Ilivuka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa barabara na kivuko, safari hiyo ni kilomita 240 hivi na huchukua saa 6. Sisi tunaoishi kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, tunaozijua barabara zetu wakati wa mvua, tunaelewa maana ya tofauti hiyo kwa mgonjwa anayesubiri.

Mwinamo wa pamoja ni nini?

Ukiwa ndani ya gari linalokwenda, toa kiganja dirishani kikiwa kimelala. Upepo unapita tu. Kiinue kidogo upande wa mbele, mkono unapanda. Kiinamishe, unashuka. Mapanga ya helikopta hufanya vivyo hivyo.

Droni nyingi ndogo hupanda kwa kuongeza kasi ya mapanga. Helikopta yenye mwinamo wa pamoja huacha mapanga yazunguke kwa kasi ile ile, kisha hubadilisha mwinamo wa mapanga yote kwa wakati mmoja. Faida yake ni kwamba chombo huitika papo hapo, bila kusubiri mota iongeze kasi.

Hata hivyo, mwinamo ukiongezeka, hewa hupinga zaidi na mota huelemewa, kama baiskeli yenye mikungu ya ndizi inapofika mlimani. Kwa hiyo kijiti kimoja cha rimoti huongoza mambo mawili: mwinamo na nguvu ya mota. Nguvu ikiongezeka, mwili wa helikopta nao hutaka kugeuka upande. Panga dogo la mkiani, likisaidiwa na kifaa kiitwacho jairo, huuzuia.

Kosa la anayeanza

Helikopta ndogo ya kawaida huelea hewani mapanga yakiwa na mwinamo wa nyuzi 5 au 6. Anayeanza huona chombo kinapanda kuliko alivyotaka, anaogopa, anashusha kijiti chote. Hapo mapanga huinama chini ya sifuri na kuisukuma helikopta ardhini kwa nguvu. Mwingine huona inashuka, anapandisha kijiti ghafla. Mota inaelemewa, mapanga yanapungua kasi, na chombo kinazidi kushuka.

Dawa ni mbili. Kwanza, rimoti ipangwe ili kijiti kikiwa chini kabisa mwinamo usipite nyuzi 2 chini ya sifuri. Pili, mkono uzoezwe kusogea kidogo kidogo.

Hewa ya kwetu

Maelekezo mengi yanayokuja na vyombo hivi huandikwa kwa watu wa nchi za tambarare. Karagwe iko juu, sehemu nyingi zikiwa mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Helikopta inayoelea Dar es Salaam kwa nyuzi 5 huenda ikahitaji karibu nyuzi 6 hapa, kasi ya mapanga ikiwa ile ile. Injini ya mafuta nayo hupungua nguvu. Mota ya betri haiathiriki hivyo.

Hatua za kufuata

1. Anza na programu ya mazoezi kwenye kompyuta. Ukianguka humo hununui panga jipya.
2. Funga miguu mipana ya mazoezi chini ya helikopta ili isipinduke.
3. Simama nyuma yake, mkia ukikuelekea. Inyanyue kidogo, ishushe taratibu. Rudia mpaka mkono uzoee.
4. Usigeuze pua ikuelekee kabla ya kumudu hatua ya tatu, kwa kuwa kushoto na kulia hubadilishana.

Watoto wakae mbali. Mapanga yenye upana wa mita 1.3, yakizunguka mara 2,000 kwa dakika, hukata hewa nchani kwa karibu kilomita 490 kwa saa. Aidha, kabla ya kurusha chombo chochote kisicho na rubani, ulizeni kuhusu kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Injini ikizimika

Hapa ndipo mwinamo wa pamoja huokoa. Rubani hushusha kijiti mara moja, na hewa inayopita kutoka chini huendelea kuyazungusha mapanga. Karibu na ardhi huongeza mwinamo, na chombo hutua polepole. Nguvu iliyobaki kwenye mapanga hutosha mara moja tu: akiongeza mapema mno, huishiwa akiwa bado juu. Marubani wa helikopta kubwa hufundishwa jambo hilo hilo.

Tunawaomba wazazi wasiwakatishe vijana tamaa, na vijana nao wasiwe na pupa. Anayejifunza leo kutuliza mkono wake uwanjani anaweza kesho kuaminiwa kupeleka dawa au damu ng'ambo ya vilima. Talanta tuliyopewa tusiifukie.