Rangi ya chumba: Fikiria kabla ya kuchovya brashi

Je, chumbani mwako taa huwashwa saa tisa mchana, jua likiwa bado linawaka nje? Kabla ya kulilaumu dirisha, hebu itazame rangi ya ukuta.

Ukuta mweupe safi hurudisha chumbani takriban asilimia 80 ya mwangaza unaoupiga. Maruni au buluu iliyokolea hurudisha chini ya asilimia 10, na uliobaki humezwa. Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, ambako dirisha hutazama ukuta wa jirani, tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo mtoto atasoma kwa mwanga wa jua au kwa umeme unaoulipia.

Wajenzi wa Lamu walilijua jambo hili tangu zamani. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, upana wake ukitegemea urefu wa boriti za mikoko, nao walizipaka kuta chokaa nyeupe ili mwanga wa uani ufike ndani.

Hata hivyo, rangi iliyokolea ina faida zake. Huficha alama za mikono na za migongo ya viti, na hupunguza mng'ao katika chumba kinachochomwa na jua la alasiri. Weupe hauna siri: kila kidole cha mtoto huonekana.

Waweza kufuata njia ya katikati. Paka dari nyeupe, kuta krimu, na sehemu ya chini, kimo cha mita moja hivi, rangi ya mafuta iliyokolea ambayo hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Ikiwa wewe ni mpangaji, muulize kwanza mwenye nyumba. Kuurudisha ukuta wa maruni kuwa mweupe huenda kukahitaji kupakwa mara tatu au zaidi, na gharama hiyo yaweza kukatwa kwenye amana yako.

Tena, usipige msasa mkavu kwenye rangi kuukuu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Lowesha ukuta kwanza, watoto wakiwa mbali.

Mwisho, usichague kwa kutazama kijikaratasi cha dukani. Paka kipande cha kadibodi, kiegemeze ukutani, ukitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Subira ya siku moja ni nafuu kuliko debe zima la rangi usiyoipenda.