Ziada au Akiba: Tafsiri ya Waya Usiotumika katika Mtandao wa Swichi

Neno ziada, katika Kiswahili, hutaja kilichozidi kadiri inayotakiwa: muda wa ziada, malipo ya ziada. Akiba nayo huzidi mahitaji ya leo, lakini imewekwa kwa kusudi, ikingoja siku yake. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwenye kutafsiri maelekezo ya ufundi wa mitandao ya kompyuta.

Tuseme swichi ya ghorofani imeunganishwa kwa nyaya mbili na swichi kuu mbili, ambazo nazo zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Waya mmoja ukikatika, wa pili unashika kazi. Lakini nyaya zote zikipitisha data kwa pamoja, panazuka mzunguko. Na kwa kuwa fremu za Etheneti hazina hesabu ya ukomo wa safari, ujumbe uliotumwa kwa wote huzunguka na kujizidisha hadi mtandao ukwame. Mwaka 1985 Radia Perlman wa Marekani alibuni utaratibu wa kuzuia janga hilo. Swichi huchagua mzizi mmoja, kila moja hubakiza njia yake ya gharama ndogo kabisa kuuelekea mzizi huo, na njia inayofunga mzunguko huzibwa. Kinachobaki ni mti, kwa maana ileile ya mchoro matawi wa wanasarufi: kila kifundo kina mzazi mmoja, wala tawi haliungani tena na tawi jingine.

Uchaguzi wa mzizi usiachiwe bahati. Kwa kawaida kila swichi huanza na kipaumbele 32768. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo kitarakimu, ambayo huenda ikawa swichi kuukuu iliyosahauliwa pembeni. Hivyo fundi huipa swichi kuu ya kwanza 4096 na ya pili 8192. (Kinyume na mazoea ya lugha, hapa mkubwa ni mwenye namba ndogo.) Swichi ya ghorofani huachwa ilivyo.

Wanaisimu watakumbuka uziada wa upatanisho wa kisarufi. Katika “watoto wangu wawili wamefika”, wingi umetajwa mara kadhaa, na alama zote husema kwa pamoja. Waya uliozibwa hausemi. Husikiliza tu taarifa za swichi jirani. Katika utaratibu wa awali ulihitaji sekunde 30 hadi 50 kufunguka. Toleo la haraka, lililosanifishwa mwaka 2001, aghalabu huhitaji sekunde chache au chini ya hapo.

Kwa hiyo “waya wa akiba” ndiyo tafsiri inayofaa. Fundi aliyesoma “waya wa ziada”, kisha akauona haupitishi data, ana sababu ya kuuchomoa, na kasoro haitajulikana mpaka siku waya wa kwanza utakapokatika.