Nyama ya Kusaga Isibaki Mbichi Ndani

Tunduma haikosi wenye njaa. Madereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo husubiri kuvuka mpaka, na wakisubiri wanakula. Sisi wa Ruanda na vijiji vya jirani tunajua kuchoma mishikaki na kukaanga chipsi mayai. Siku hizi vijana wanaulizia baga, yaani mkate wenye nyama ya kusaga katikati. Je, baga inapikika kwa jiko la mkaa? Inapikika vizuri sana. Lakini nyama ya kusaga si sawa na mishikaki.

Sikiliza kwa nini. Vijidudu vya nyama hukaa zaidi upande wa nje. Ukichoma kipande kizima, moto unavigusa, vinakufa. Ukiisaga nyama hiyo, mashine inachanganya ya nje na ya ndani. Sasa vijidudu viko kila mahali. Donge nene likiungua nje huku ndani ni bichi, mlaji anaweza kuhara hata damu, na mtoto mdogo figo zake zinaweza kuharibika. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua, na watoto 4 wakafa, kwa sababu ya baga zisizoiva sawasawa.

Kinga yake ni wembamba. Nyama nyembamba huiva yote upesi, na mkaa hautumiki mwingi.

Usiiweke juu ya wavu. Itavunjika, na mafuta yatadondokea mkaa na kuwasha ndimi za moto. Tafuta bamba la chuma nene, au chuma cha kupikia chapati. Bati la kuezekea halifai kabisa! Limepakwa zinki, na zinki si kitu cha kugusana na chakula juu ya moto.

Ngoja mkaa uwe mwekundu na uvae majivu, usiwe na moshi. Weka bamba, liache kama dakika 10. Nyunyizia tone la maji. Likirukaruka na kukauka mara moja, bamba liko tayari. Likitulia na kuchemka polepole, ngoja. Wapishi wengi hukosea hapa: bamba la vuguvugu huchemsha nyama kwa maji yake yenyewe, nayo inakuwa ya kijivu, haina ladha.

Nusu kilo ya nyama yenye mafuta kiasi itatoa madonge 6. Usiyakandekande, nyama itakuwa ngumu. Weka donge kwenye bamba, kisha likandamize hapo hapo kwa kitako cha sufuria ndogo kilichopakwa mafuta, mpaka liwe pana kama kisosi. Sasa tia chumvi. Bamba lisijazwe, weka mawili au matatu tu. Ukishakandamiza mara ya kwanza usirudie tena, utakamua utamu wote.

Baada ya dakika moja na nusu hivi, kingo zitakuwa za kahawia. Kwangua chini kwa mwiko wa chuma, usiache ule ukoko, maana ndio wenye ladha. Geuza. Dakika moja nyingine inatosha. Kata moja uangalie: kusiwe na wekundu, na maji yake yasiwe ya damu. Rangi peke yake huweza kudanganya, kwa hiyo ukiwa na shaka ongeza dakika.

Nyama ni ghali? Huko Oklahoma, Marekani, wapishi wa zamani walikandamiza vitunguu vilivyokatwa vyembamba pamoja na nyama ili ionekane nyingi. Utamu ukazidi, na hadi leo hawajaacha.

Mkono ulioshika nyama mbichi usishike mkate kabla ya kunawa kwa sabuni. Na mvua ikianza, au baridi yetu ya Mbozi ikikubana, usiingize jiko ndani ya kibanda kilichofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Tandika turubai juu, pande ziachwe wazi.